Mcheza Kamari Asiyebahatisha

Kamari imehukumiwa mara nyingi hata hukumu yake imekuwa kama salamu: hutolewa bila ya kufikiriwa. Dini zimeikataza, wazee wameionya, na serikali za nchi nyingi zimeipa ruhusa kwa mkono mmoja na kuitoza kodi kwa mkono wa pili. Siandiki ili niitetee, wala sina haja ya kuishitaki upya. Nataka kumtazama mtu mmoja aliye ndani yake ambaye hukumu ile ya kawaida haimfikii vema. Mtu huyu hucheza kila siku kama fundi aendaye kazini, hali habahatishi. Na mwisho wa mwaka, hesabu zikijumlishwa, yeye amepata na nyumba ya kamari imepoteza. Mali yake ni halali mbele ya hakimu. Je, ni halali mbele ya dhamiri?

Lugha yetu hailirahisishi swali hili. Neno kamari tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo limekuja pamoja na laana yake. Wenye kutunga sheria walipotaka neno jepesi zaidi walisema michezo ya kubahatisha, na bodi inayosimamia mambo hayo Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003 ina jina hilo. Lakini mtu wetu hatoshelezwi na neno lolote katika hayo mawili. Ukimwita mcheza kamari umemtwisha laana kabla ya kumsikiliza. Ukisema kwamba anabahatisha umesema uongo, maana bahati ndiyo kitu ambacho yeye amejitahidi sana kukiondoa katika kazi yake.

Watu hawa wamekuwapo hasa Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari ilihalalishwa mwaka 1931. Chombo chao ni mashine ya poka, iliyoenea katika nyumba za kamari tangu mwisho wa miaka ya 1970. Mashine nyingine za kamari hazimwonyeshi mchezaji kitu. Magurudumu yenye picha za matunda na kengele huzunguka, na uwezekano wa kila picha kutokea umefichwa tumboni mwa mashine. Mashine ya poka ni tofauti. Kanuni za Nevada huagiza kwamba mashine ionyeshayo karata lazima ifuate uwezekano ule ule wa karata halisi. Karata ni 52. Mchezaji hugawiwa tano, huzuia azitakazo, hutupa zisizomfaa, huletewa nyingine badala yake, kisha hulipwa kwa kadiri ya fungu alilolipata. Malipo ya kila fungu yameandikwa kwenye kioo. Basi mwenye kujua hesabu, kwa kusoma kioo tu, aweza kutambua mashine ile itarudisha kiasi gani katika kila dola 100, mchezaji akicheza bila ya kosa.

Hesabu yenyewe si ndogo. Mafungu ya karata tano yawezayo kutoka katika karata 52 ni 2,598,960, na kila fungu laweza kuchezwa kwa njia 32. Walakini kazi hii ilikwisha fanywa kwa kompyuta, na majibu yake yakachapishwa kwa kila atakaye. Mashine ya namna iliyo ya kawaida, ambayo huanza kulipa mtu apatapo jozi ya maghulamu, hurudisha 99.54 katika kila 100 ikiwa inalipa 9 kwa karata tatu za cheo kimoja zikiandamana na mbili za cheo kingine, na 6 kwa karata tano za jamii moja, mathalani kopa tupu. Tarakimu hizo mbili zikishushwa kuwa 8 na 5, marejeo huwa 97.30. Mashine ni ile ile, taa ni zile zile, kiti ni kile kile. Mpita njia haoni tofauti yoyote. Kisha kulikuwa na mashine nyingine ambayo karata nne zenye namba mbili zaweza kusimama badala ya karata yoyote. Hiyo, ilipokuwa na malipo yake kamili, ilirudisha 100.76. Yafaa msomaji aitazame tena tarakimu hiyo. Nyumba ya kamari iliweka mbele ya watu, kwa hiari yake, mashine ambayo mbele ya mchezaji mkamilifu ilikuwa ikipoteza.

Sababu ilikuwa nyepesi. Wakamilifu ni wachache, na sifa ya mashine nzuri huwaleta wengi. Mtu asikiaye kwamba mashine fulani hushindika huja akakaa, akacheza kwa moyo wake na si kwa hesabu, akaweka karata aipendayo na kuitupa imfaayo, na faida iliyokuwa imeandikwa kwenye kioo ikampita. Kwa kila mmoja aliyechukua, walikuwako wengi walioacha.

Hata huyo aliyechukua hakuchukua kingi. Mtu mwepesi wa mkono aweza kucheza mafungu 600 kwa saa. Akiweka dola 1.25 kwa kila fungu, dola 750 zimepita mbele yake. Faida ya 0.76 katika 100 ni dola 5.70. Huo ndio ujira wa saa moja ya kukaza macho bila ya kosa, na haufikii wa mwosha vyombo jikoni mwa nyumba ile ile. Tena haupatikani kila saa. Sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya fungu moja bora, lile la karata tano kuu za jamii moja zifuatanazo, ambalo hutokea mara moja katika mafungu kama 40,000 au zaidi. Asubiriye fungu hilo aweza kupoteza kwa wiki nyingi mfululizo huku akicheza sawasawa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kimetoboka, na mwenye kukijaza lazima awe na akiba ya kumvusha mpaka siku ya kujaa.

Ndipo zikaja takrima, na hapa mambo yanaanza kuwa mazito.

Nyumba za kamari zimekuwa zikiwakirimu wachezaji wao tangu zamani kwa chakula, kinywaji na malazi. Katika miaka ya 1990 ukarimu huo uligeuzwa kuwa elimu. Kampuni ya Harrah's ilianzisha mwaka 1997 kadi moja ya kumtambua mchezaji katika nyumba zake zote, na mwaka 1998 ikamwajiri Gary Loveman, aliyekuwa mwalimu wa biashara katika chuo kikuu cha Harvard, ambaye baadaye alikuwa mkuu wake. Kadi huchomekwa katika mashine, na mashine huandika kila fungu, kila dola, kila saa. Kutokana na maandishi hayo nyumba hukisia mchezaji huyu atapoteza kiasi gani, kisha humrudishia sehemu ya hasara hiyo kabla hajaihisi: fedha kidogo, chumba, tikiti ya ndege, saa ya mkononi, mwaliko wa mashindano yasiyo na kiingilio. Siku nyingine alama za kadi huzidishwa mara tatu au mara tano. Fundi wetu hukaa na kalamu, akajumlisha. Mashine hurudisha 99.54, kadi, katika siku njema, huongeza 0.50 au zaidi. Jumla imevuka 100, na chumba cha kulala hakijatiwa hesabuni. Kwa watu wengi wa kazi hii faida yote ilitoka katika kadi. Mashine yenyewe iliwala polepole, na takrima ikawalisha upesi zaidi.

Basi zawadi hii ni kitu gani? Sisi tumelelewa katika desturi ya ukarimu. Mgeni hupewa kwa sababu ni mgeni, wala mwenye nyumba haandiki kitabuni amekula vijiko vingapi. Nyumba ya kamari humwita mchezaji mgeni, humkaribisha kwa jina lake, humtumia salamu siku ya kuzaliwa kwake. Lakini kila kijiko kimeandikwa. Neno takrima lenyewe lilipata msiba kama huo kwetu, pale sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilipoitambua takrima ya wagombea kwa wapiga kura, hata Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Wapiga kura walijua tangu mwanzo kwamba pilau ile haikupikwa kwa upendo. Na tukubali hivyo kwa kasino pia: kilichopimwa kwa hasara ya mpokeaji hakina haki ya kudai shukrani ya mpokeaji. Wale wanaomlaumu fundi kwamba amemdanganya mwenyeji wake, kwa kuwa amepokea heshima ya mpotezaji hali yeye si mpotezaji, wanampa mwenyeji utu ambao hakuuleta mezani. Hapakuwa na ugeni wala uwenyeji. Walikuwa wafanya biashara wawili, mmoja wao akiwa amekosea hesabu, na hana neno zaidi ya kurekebisha hesabu yake kesho.

Sisemi kwamba kila ujanja mbele ya nyumba ya kamari ni halali. Upo mpaka, na mahakama zimetaabika kuutafuta. Mwaka 2012 Phil Ivey, mcheza karata mashuhuri wa Marekani, alishinda pauni milioni 7.7 huko London kwa kutambua tofauti ndogo za michoro migongoni mwa karata. Hakuzigusa. Alimfanya mgawaji azigeuze kwa namna fulani, akijidai kuwa anafuata ushirikina wake. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua mwaka 2017 kwamba huo ulikuwa udanganyifu, na fedha hakuzipata. Nchini Marekani watu wawili waligundua kosa katika mashine ya poka lililowawezesha kulipwa ushindi wa zamani kwa kiwango kikubwa zaidi. Walibonyeza tu vitufe ambavyo kila mtu aliruhusiwa kuvibonyeza. Walishitakiwa mbele ya mahakama ya shirikisho, na mashitaka yakafutwa mwaka 2013. Mimi naona kwamba wa kwanza alikosa, kwa kuwa alimtia mgawaji katika kazi asiyoijua. Na kwamba wale wa pili wako mahali penye kiza. Lakini fundi wetu hayuko hata karibu na mpaka huo. Amesoma kioo ambacho nyumba yenyewe ilikichapa, na kadi aliipewa. Nyumba ikichoka naye, katika Nevada yaweza kumwambia asirudi tena. Naye aghalabu huondoka bila ya ugomvi.

Kwa hiyo kesi baina yake na kasino ni ndogo, na nashangaa kwamba ndiyo inayozungumzwa sana. Kesi kubwa ni baina yake na mtu wa kiti cha pili.

Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Methali hii ina watu wawili tu: anywaye na agemaye. Sisi tumepata wa tatu, ambaye halewi wala hapandi mnazi, bali hukaa barazani kwa mgema akala katika kile mgema alichokula kwa mlevi. Kasino haichimbi dhahabu wala hailimi shamba. Dola 5.70 za saa ile, chumba cha bure, saa ya mkononi, vyote vimetoka katika mifuko ya waliopoteza, na wengi wao si matajiri wala si watu wa furaha. Natasha Dow Schüll, mwanaanthropolojia aliyewachunguza wachezaji wa mashine huko Las Vegas kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 2012, aliwakuta watu waliokiri kwamba hawachezi tena ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza, ili wabaki katika hali ile ambayo saa, mwili na matatizo ya nyumbani hupotea. Wengi wa hao walikuwa mbele ya mashine za poka, zile zile za fundi wetu.

Jibu lake liko tayari, nalo ni jibu lenye nguvu. Husema: mimi nikiondoka leo, jirani yangu hatapoteza hata senti moja pungufu. Fedha yake haikuja kwangu. Ilikwenda kwa nyumba, na nyumba ikakosea katika kunihesabu mimi. Nikiacha kuichukua, itabaki kwa mwenye kasino ambaye ndiye aliyemdhuru. Je, ni bora tajiri huyo azidi kunenepa?

Kama shauri lingeishia hapa ningemwachilia. Kunufaika na uovu usioufanya si sawa na kuufanya. Mganga hula kwa sababu watu huugua, na mchonga majeneza kwa sababu watu hufa, wala hatuwaiti wauaji. Ni kweli kwamba hao hutoa kitu badala ya kile wanachopokea, na fundi wetu hatoi kitu. Lakini tukimhukumu mtu kwa kula bila ya kutoa, itatubidi tuwahukumu wengi wavaao tai, wanunuao na kuuza karatasi za madeni wasizozisoma, nao tunawaita waheshimiwa.

Lakini shauri haliishii hapa, kwa kuwa si kweli kwamba yupo tu bila ya kuongeza neno. Mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, alichapa kitabu kilichoonyesha kwamba mchezo mwingine wa karata, ule wa kutafuta ishirini na moja, waweza kushindwa kwa hesabu. Nyumba za Las Vegas ziliogopa, na mwezi wa Aprili 1964 zikabadili kanuni za mchezo. Haukupita muda zikazirudisha kanuni za zamani. Watu walikuwa wameanza kuzikimbia meza zilizobadilishwa. Na habari kwamba mchezo ule hushindika ilikuwa imewaleta wengi ambao hawakuweza kuushinda. Hapo nyumba za kamari zilijifunza jambo ambalo mtu wetu hapendi kulitazama. Ashindaye ni tangazo. Kila asemaye katika mji wake kwamba amemjua mtu anayeishi kwa mashine za poka amekwisha mwitia kasino watu kumi, na tisa katika hao hawatakaa na jedwali la hesabu usiku mzima. Basi nyumba haikukosea sana katika kumhesabu. Ilimlipa, kwa ujira mdogo, kazi ya kuwa ushahidi.

Ndiyo maana naona tofauti kubwa kati ya anayecheza kimya na anayejitangaza, na tofauti nyingine kati ya wale wanaojitangaza. Wapo waliofundisha waziwazi namna ya kusoma kioo na kuhesabu takrima. Jean Scott alichapa mafundisho yake mwaka 1998, Bob Dancer mwaka 2003. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wake kwamba ujira ni dola chache kwa saa, kwamba miezi ya hasara haina budi kuja, na kwamba kosa dogo linalorudiwa hula faida yote, huyo amesema kweli, na kweli hiyo huwafukuza wengi kuliko iwavutavyo. Akiuza ndoto ya milioni, amepanda mnazi pamoja na mgema.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limenishughulisha zaidi ya yote haya. Viti vya mashine vimekaribiana. Fundi, bila ya kutaka, humwona jirani yake akitupa karata ambayo hakupaswa kuitupa. Amwambie? Desturi ya mahali pale ni kutoingilia mchezo wa mtu. Lakini tuseme amevunja desturi akamfundisha. Jirani atacheza vizuri zaidi, atapoteza polepole zaidi, na kwa hiyo fedha ile ile itamkalisha pale saa nyingi zaidi. Na ikiwa yeye ni mmoja wa wale ambao hawachezi ili washinde, amesaidiwa kukaa muda mrefu katika kile kinachomwangamiza. Shauri la pekee ambalo lingemfaa ni kusimama aende nyumbani. Nani atalitoa? Atalitoa mtu aliyekaa kwenye kiti kama kile, vidole vyake vikienda kasi ile ile, macho yake yakiwa kwenye kioo kama kile, kadi yake imechomekwa kama ile? Kwa nje hawatofautiani. Tofauti yote imo katika daftari moja lililo mfukoni mwa mmoja wao. Hapo ndipo naiona gharama ya kweli ya kazi hii. Ameikamilisha elimu ambayo haimpi neno la kumwambia jirani, ila neno asiloweza kulisema bila ya kuinuka mwenyewe.

Mimi sitamwita mwizi. Lakini wala simpi ile sifa ya ushujaa wanayompa wengine, ya mnyonge aliyemshinda jitu. Jitu halikushindwa; lilitoa makombo.

Na sasa makombo yenyewe yanapungua. Mashine zenye malipo kamili zimeondolewa mahali pengi, na mahali pake zimewekwa zenye 8 na 5, 7 na 5, hata 6 na 5, ambayo hurudisha 95 kwa mtu asiyekosa. Alama za kadi kwa mchezo wa poka zimepunguzwa, maana nyumba nazo zimejifunza kujumlisha. Kisha sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 iliagiza kwamba, kuanzia mwaka 2026, mcheza kamari aweza kuondoa katika hesabu ya kodi 90 tu katika kila 100 za hasara zake. Kwa tajiri aliyeshinda mara moja hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa faida nyembamba, aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza 98,000, maana yake ni kutozwa kodi kana kwamba amepata 11,800, hali amepata 2,000. Fundi wetu hatabishana na tarakimu hizo. Ndiye aliyezitii maisha yake yote. Atachomoa kadi, atakunja daftari, atatoka kwenye jua la Nevada kutafuta kazi nyingine. Kiti chake hakitakaa kitupu hata saa moja. Atakuja mwingine, aliyesikia zamani kwamba mashine hizi hushindika, naye ataanza kucheza bila ya kukisoma kioo.